Karma Haikuzaa Matabaka ya Wahindu

Katika mazungumzo ya barazani, na hata katika madaftari ya wanafunzi wa somo la dini, imani ya Wahindu hufupishwa kwa maneno machache: aliyezaliwa katika tabaka la chini analipia makosa ya maisha yake yaliyopita, na akivumilia na kuitimiza kazi ya tabaka lake bila kunung'unika, safari ijayo atazaliwa juu zaidi. Maelezo haya yana mvuto wake. Yamejifunga pande zote, hayaachi swali, na yanampa msikilizaji nafasi ya kuihukumu dini nzima kabla chai haijapoa. Nimeyasikia kwa Waislamu, kwa Wakristo na kwa baadhi ya Wahindu wenyewe. Lakini kadiri ninavyosoma habari hizi ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba muhtasari huo umeunganisha mambo mawili, karma na matabaka, yaliyozaliwa mbalimbali, yakaja kukutanishwa na watu waliokuwa na faida katika kuyakutanisha, na kwamba wale wanaotajwa kuwa wanalipia makosa yao, mara nyingi, wana maelezo mengine kabisa kuhusu hali yao.

Tuanze na karma yenyewe. Katika mtaa niliokulia, si mbali na Kisutu hapa Dar es Salaam, alikuwapo mzee mmoja Mlohana, wa jamii ya wafanyabiashara wa Kigujarati, mwenye duka la vitambaa, na kila mwaka usiku wa Divali aliuacha mlango wa duka wazi, nasi watoto wa jirani tukaingia kutazama ibada ambayo Wagujarati huiita chopda pujan. Madaftari mapya ya hesabu, yenye majalada mekundu, yalipangwa mbele ya picha ya Lakshmi, mungu wa kike wa mali. Ukurasa wa kwanza ulichorwa alama ya swastika kwa unga mwekundu, na chini yake neno Shri likaandikwa mara moja, mstari uliofuata mara mbili, uliofuata mara tatu, mpaka maandishi yote yakawa na umbo la pembetatu. Nilipokuwa mkubwa kidogo nikamwuliza karma ni nini hasa. Alinionyesha daftari la mwaka uliokwisha, kisha lile jipya, akasema, “Daftari ni jipya, mwanangu, lakini salio ni la jana.”

Sijakutana na maelezo bora zaidi vitabuni. Mwili ni daftari, nao huisha kurasa. Nafsi, ambayo Wahindu huiita atman, haifi pamoja nao, na kila tendo lililotendwa kwa nia, jema au baya, linabaki limeandikwa mpaka lilipwe. Wanafalsafa wa Kihindu waliigawa hesabu hiyo mafungu matatu. Liko fungu la sanchita, yaani limbikizo lote la matendo ya maisha yasiyohesabika. Liko la prarabdha, sehemu ya limbikizo hilo ambayo imekwisha kuanza kuzaa matunda na ndiyo iliyompa mtu mwili huu, wazazi hawa na umri huu. Na liko la agami, yaani matendo ya leo ambayo malipo yake hayajafika. Walibishana sana kuhusu nani anayelipa. Wafuasi wa madhehebu ya Mimamsa walishikilia kwamba tendo la ibada huzaa tunda lake lenyewe bila kuhitaji Mungu wa kuligawa, ilhali wanachuoni wa Vedanta walisema kwamba tendo halina akili, kwa hiyo lazima awepo Ishvara, yaani Mola, wa kumpa kila mmoja stahili yake.

Kuna jambo ambalo muhtasari wa barazani hulificha kabisa, nalo ni kwamba kuzaliwa juu si lengo la fundisho hili. Lengo ni moksha, yaani kufunga hesabu na kutorudi tena duniani. Hata Brahmana mcha Mungu, wa tabaka la juu kabisa, bado yumo ndani ya samsara, mzunguko wa kuzaliwa na kufa, na hata aliyekwenda mbinguni kwa mema yake anarudi mema hayo yanapokwisha kutumika. Mtu anayesema kwamba Mhindu anaishi kwa ajili ya kupanda tabaka amefanana na anayesema kwamba Mwislamu anafunga Ramadhani kwa ajili ya futari.

Sasa tuyatazame maandiko, kwa mpangilio wa umri wake. Andiko la kwanza kuyataja matabaka manne kwa pamoja ni utenzi wa 90 wa kitabu cha kumi cha Rig Veda, mkusanyo wa kale kabisa wa tenzi takatifu za Wahindu. Humo miungu wanamchinja Purusha, mtu wa mwanzo mwenye vichwa elfu na macho elfu, na kutokana na sadaka hiyo ulimwengu unapatikana: mwezi unatoka katika akili yake, jua katika jicho lake, upepo katika pumzi yake. Kinywa chake kinakuwa Brahmana, yaani kuhani. Mikono yake inakuwa mtawala na mpiganaji, aliyekuja kuitwa Kshatriya. Mapaja yake yanakuwa Vaishya, mfugaji, mkulima na mfanyabiashara. Na katika miguu yake anazaliwa Shudra, mtumishi. Huu ni utaratibu wenye juu na chini, hilo halina ubishi. Lakini ndani yake hakuna kosa lililotendwa wala maisha yaliyotangulia. Shudra wa utenzi huu hajafanya lolote. Miguu iko chini kwa sababu miguu iko chini. Tenzi za Rig Veda, kwa jumla, hazifundishi kwamba mtu hurudi duniani. Wafu wanakwenda kwa Yama, mtu wa kwanza kufa, nao wanaishi huko na mababu zao.

Fundisho la kurudi duniani linajitokeza waziwazi katika Upanishadi, maandiko ya tafakuri yaliyofuata Veda, kama karne ya 7 au ya 6 kabla ya Kristo, na namna linavyojitokeza inasema mengi. Katika Brihadaranyaka Upanishad, mtu aitwaye Artabhaga anamwuliza mwalimu Yajnavalkya mbele ya umati: mtu akifa, sauti yake ikaingia motoni, pumzi yake upeponi, jicho lake juani, yeye mwenyewe yuko wapi? Yajnavalkya anamwambia amshike mkono, watoke, kwa kuwa jambo hilo halifai kusemwa hadharani. Wakatoka wakaenda kando kuzungumza, na andiko linasema kwamba walichokizungumza ni karma: mtu huwa mwema kwa tendo jema, na mbaya kwa tendo baya. Fundisho ambalo leo linasemwa kuwa msingi wa jamii nzima lilianza kama siri ya watu wawili waliojitenga na umati.

Chandogya Upanishad inakwenda mbali zaidi. Kijana Shvetaketu, aliyerudi nyumbani akijiona amesoma yote, anaulizwa maswali matano na mfalme Pravahana Jaivali wa Panchala, naye anashindwa kujibu hata moja. Anarudi kwa baba yake kwa hasira; baba naye hajui, anakwenda kwa mfalme kujifunza. Mfalme anamwambia wazi kwamba elimu hii haijawahi kuwafikia Wabrahmana kabla yake. Kisha anaeleza jinsi baadhi ya wafu wanavyopanda kwa njia ya moshi mpaka mwezini, wanavyoshuka na mvua, wakaota kama mpunga, shayiri, ufuta na maharage, wakaliwa, wakawa mbegu ya mzazi, wakazaliwa. Hapo ndipo linapokuja lile neno linalonukuliwa siku zote: wenye mwenendo mwema watapata haraka tumbo la uzazi la Brahmana, la Kshatriya au la Vaishya, wenye mwenendo mchafu watapata la mbwa, la nguruwe au la Chandala.

Neno hilo ni zito, nami sitaki kulipunguza. Chandala, mtu aliyetengwa nje ya matabaka yote manne, amewekwa katika orodha moja na mbwa na nguruwe. Karma na matabaka vimefungwa pamoja hapa, katika kitabu kitakatifu, kwa ufupi na bila hoja yoyote, na kutoka kinywani mwa mfalme. Wanaotaka kuitetea dini kwa kusema kwamba uhusiano huo ulibuniwa na wakoloni hawajasoma Chandogya. Hata hivyo kitabu hichohicho, sura moja tu kabla ya hapo, kinasimulia habari za Satyakama, kijana aliyetaka kusoma kwa mwalimu Haridrumata Gautama. Alipoulizwa ukoo wake alijibu kama mama yake Jabala alivyomwambia: kwamba alimzaa ujanani alipokuwa akitumika huku na huku, na hajui ukoo wa baba. Mwalimu akasema kwamba asiyekuwa Brahmana hawezi kusema kweli namna hiyo, akampokea. Wasomaji wamegawanyika mpaka leo: wengine wanaona hapa kwamba tabia ndiyo inayomfanya mtu Brahmana, wengine wanaona kwamba mwalimu alitambua damu kwa kuisikia kweli. Mimi naelekea kwa hao wa kwanza, ingawa najua kwamba karne zilizofuata zilielekea kwa wa pili.

Tukifika kwenye sheria za Manu, kitabu mashuhuri cha sheria za Wahindu wa kale, zilizokusanywa kati ya karne ya 2 kabla ya Kristo na karne ya 2 au ya 3 baada yake, tunakuta karma imekuwa jedwali la adhabu. Sura ya 12 inaeleza kwamba mwizi wa nafaka atazaliwa panya, mwizi wa asali atazaliwa mdudu aumaye, wa maziwa atakuwa kunguru, na wa samli atakuwa nguchiro. Brahmana mnywaji wa pombe ataingia katika miili ya wadudu, nondo, na ndege wanaokula kinyesi. Ukiisoma sura hiyo bila haraka utaona kwamba adhabu nyingi humo ni za kuzaliwa mnyama, na kwamba vitisho vingine vikali vimewalenga walio juu. Kisha rudi nyuma kwenye sura ya 10, inapoulizwa hasa makundi ya chini yametoka wapi. Jibu la Manu hapo ni mchanganyiko wa uzazi: Chandala ni mtoto wa baba Shudra na mama Brahmana, kundi fulani ni la baba huyu na mama yule, na kadhalika kwa aya nyingi. Chandala akae nje ya kijiji, asema Manu, mali yake iwe mbwa na punda, nguo zake ziwe za maiti, na chakula chake kiwe katika vyombo vilivyovunjika. Mtunzi aliyekuwa na fundisho la karma mkononi, alipotaka kueleza kwa nini watu fulani watengwe, aliegemea zaidi ndoa za wazazi wao. Nadhani alijua alichokuwa akikilinda.

Maana katika maisha ya kila siku yale matabaka manne ya Purusha ni ramani tu ya mbali. Mtu huzaliwa ndani ya jati, na jati ni maelfu: za wafinyanzi, za wakamua mafuta, za sonara, za wachungaji, za wafanyabiashara, kila eneo na zake. Jati ndiyo inayoamua nani aoe wapi, nani ale na nani, nani achote maji kisima kipi. Kinachozipanga juu na chini ni usafi na unajisi: anayegusa kifo, ngozi, damu ya uzazi na kinyesi kwa niaba ya wengine hubeba unajisi wao, na unajisi huo ukahesabiwa kuwa hauoshwi, ukirithiwa na watoto. Mwaka 1916, alipokuwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Columbia huko New York, Bhimrao Ambedkar alisoma insha akidai kwamba kiini cha mambo yote haya ni kuoana ndani kwa ndani. Alikuwa na umri wa miaka 25, naye mwenyewe alizaliwa katika jati ya Mahar, miongoni mwa watu walioitwa wasioguswa. Sijaona hoja iliyoipita.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike. Watafiti walioishi vijijini India katika karne ya 20 waliwauliza watu wa jati za chini kwa nini wako chini, na wengi hawakujibu kwa habari za makosa ya maisha yaliyopita. Walisimulia visa. Waparaiyar wa Tamil Nadu, ambao kazi yao ya jadi ilikuwa kupiga ngoma za mazishi na kuondoa mizoga, walisimulia hiki: hapo mwanzo walikuwapo ndugu wawili maskini, wakaenda pamoja kumwomba Mungu. Mungu akawataka waondoe mzoga wa ng'ombe. Kaka akajibu kwamba mdogo wake ataifanya kazi hiyo. Lakini kwa Kitamil maneno hayo yanakaribiana sana na maneno “mdogo wangu ni Brahmana”, na hivyo ndivyo Mungu alivyoyasikia. Tangu siku hiyo mdogo akawa Brahmana, na kaka akawa Paraiyar. Kaskazini viko visa vinavyofanana na hicho: ndugu wanamtuma mmoja wao aburute mzoga nje ya ua, wakimwahidi kwamba akishaoga atarudi kula nao, kisha wanamfungia mlango.

Nimekifikiria kisa hiki cha Kitamil mara nyingi. Hakikani kwamba ng'ombe ni mtakatifu wala kwamba mzoga ni najisi. Kwa hiyo si kisa cha wapinzani wa mfumo. Lakini kinasema kwamba sisi na Wabrahmana ni wa tumbo moja, kwamba sisi ndio wakubwa, na kwamba tuko hapa tulipo kwa sababu ya jibu lililosikika vibaya. Mtu anayesimulia hivyo hajakubali kwamba anastahili.

Haki inanilazimu nimlete shahidi wa upande wa pili, maana yupo na ni mkubwa. Katika karne ya 14 aliishi huko Maharashtra mshairi Chokhamela, Mahar, aliyempenda Vithoba, mungu wa hekalu la Pandharpur, kwa mapenzi yaliyojaa katika nyimbo zake, ziitwazo abhanga, wala hakuruhusiwa kuingia hekaluni kwa mpenzi wake huyo. Inasimuliwa kwamba alifariki mwaka 1338 alipoangukiwa na ukuta huko Mangalvedha akifanya kazi ya ujenzi, na mifupa yake ikazikwa kwenye ngazi za hekalu. Katika abhanga moja Chokhamela anasema kwamba katika maisha yaliyopita alikuwa mtu aitwaye Nila, aliyemkosea mungu Krishna heshima, na ndiyo maana amezaliwa Mahar. Unajisi wake ni tunda la yaliyopita. Huyo hapo, basi, mtu wa chini kabisa akiyasema yaleyale ya muhtasari wa barazani, kwa kinywa chake mwenyewe.

Lakini hakuwa peke yake katika nyumba ile. Mkewe Soyarabai, mshairi naye, aliuliza: ikiwa mwili ni najisi, ni nani aliyezaliwa bila unajisi huo? Na mtoto wao, aliyeitwa Karmamela, hakutaka kusikia habari za Nila. Anamgeukia Mungu na kumshtaki moja kwa moja kwamba wewe ndiye uliyetufanya watu wa chini, maisha yetu yote tunakula mabaki ya wengine, nawe uone haya. Baba anasema deni ni langu. Mtoto, mwenye neno karma ndani ya jina lake, anasema deni ni lako. Wote wawili wameimbwa na mahujaji wa Pandharpur kwa karne nyingi, na milango ya hekalu lile haikufunguliwa kwa watu wao mpaka mwaka 1947, baada ya mwalimu na mwandishi Sane Guruji kufunga kula akidai ifunguliwe.

Katika karne ya 20 hoja ya malipo iligeuzwa hata ikawaelekea walio juu. Tarehe 15 Januari 1934 tetemeko kubwa la ardhi liliiangamiza miji ya Bihar, na Gandhi akatangaza kwamba ilikuwa adhabu ya Mungu kwa dhambi ya kuwatenga watu wasioguswa. Mshairi Rabindranath Tagore, ambaye naye alichukia utengaji huo, alimjibu kwamba misiba ya maumbile ina sababu za maumbile, na kwamba hoja ya namna hiyo inaweza kutumiwa na wapinzani wa Gandhi vilevile. Katika hilo niko na Tagore. Tetemeko halikuchagua nyumba za Wabrahmana. Gandhi alikuwa pia amesema, mwaka 1921, kwamba hapendi kuzaliwa tena, ila ikibidi, azaliwe miongoni mwa wasioguswa ili ashiriki huzuni zao. Maneno ya upole wa kweli, lakini Mahar wa Mahad alikuwa na haja ya maji kabla ya huzuni yake kupata mshiriki.

Nimeutaja mji wa Mahad, huko Maharashtra, kwa sababu hapo, tarehe 20 Machi 1927, Ambedkar aliwaongoza maelfu ya watu kwenda kunywa maji ya bwawa la Chavdar, ambalo wanyama walikunywa lakini wao walikatazwa na desturi. Desemba 25 ya mwaka huohuo, hapohapo Mahad, sheria za Manu zilichomwa moto. Mwaka 1935 Ambedkar alitangaza kwamba amezaliwa Mhindu lakini hatakufa Mhindu, na tarehe 14 Oktoba 1956, huko Nagpur, aliingia dini ya Buddha pamoja na mamia ya maelfu ya wafuasi wake, wiki chache tu kabla ya kifo chake. Kinachonivutia ni kwamba hakuipokea dini ya Buddha kama ilivyofundishwa kwa kawaida. Katika maandishi yaliyotolewa mwaka 1957 alilikataa fundisho la kwamba hali ya mtu leo inatokana na matendo ya maisha yake yaliyopita, akisema kwamba haoni faida yake nyingine isipokuwa kuiondolea dola na jamii dhamana ya hali ya maskini na wanyonge. Karma aliyoibakiza ni ya hapahapa: jamii inayotenda dhuluma itavuna fujo yake ikiwa hai.

Hapa kwetu pwani jati zilifika kwa jahazi na kwa meli. Mabhatia, jati ya wafanyabiashara kutoka Kutch, magharibi mwa India, walifanya biashara Zanzibar katika karne ya 19, na nyumba ya biashara ya Jairam Shivji ilishika ukusanyaji wa ushuru wa forodha wa Sultani kwa miaka mingi. Wengi wao waliwaacha wake zao India, kwa kuwa kuvuka bahari kulihesabiwa kuwa kunamtia mtu unajisi. Baadaye familia zilikuja, na kila jati ikajenga ukumbi wake: Walohana, Mapatel, mafundi cherehani, sonara. Khoja nao, ambao ni Waislamu, husimulia kwamba wengi wa mababu zao walikuwa Walohana. Mambo mengi yalilegea katika safari hiyo, hasa masharti ya chakula, lakini ndoa hazikulegea kwa kasi hiyohiyo. Na walio chini kabisa katika mpango ule hawakuwa wengi miongoni mwa wafanyabiashara waliohamia huku. Kazi za kufagia, kufua na kusafisha vyoo katika nyumba hizo zilishikwa na Waafrika, nami nina hakika kwamba bibi zetu waliozifanya hawakuhitaji kuambiwa habari za karma ili wajue wamewekwa upande gani wa jiko. Wala sisi wa pwani tusijione wageni katika mambo haya: tulikuwa na waungwana na watwana, na hapakuwa na mtu aliyedai kwamba mtwana alikosea katika maisha mengine.

Ndiyo maana nasema karma haikuzaa matabaka. Thailand na Burma zimejaa Wabuddha wanaoamini karma na kuzaliwa upya kwa dhati, wala hakuna jati za namna ya India. Upande wa pili, Wakatoliki wa Tamil Nadu hawafundishwi kwamba mtu hurudi duniani, lakini katika vijiji kadhaa makaburi yao yamegawanywa kwa jati. Waislamu wa India kaskazini wana Ashraf wao, walio juu, na Ajlaf wao, walio chini. Taasisi ya utafiti ya Pew ya Marekani iliwahoji watu wazima karibu 30,000 nchini India kati ya mwishoni mwa 2019 na mapema 2020, na matokeo yake yanawashangaza wengi: asilimia 77 ya Wahindu walisema wanaamini karma, na asilimia hiyohiyo ya Waislamu walisema hivyo pia, ilhali wanaoamini kuzaliwa upya walikuwa kama asilimia 40 tu ya Wahindu. Wahindu wengi, kwa hiyo, wanaishi ndani ya jati bila kuliamini hata fundisho linalosemwa kuwa ndilo linalowaweka humo.

Dola ya India yenyewe imekwama katika jambo hilihili. Katiba iliyoanza kutumika tarehe 26 Januari 1950 iliupiga marufuku utengaji wa watu wasioguswa kwa ibara ya 17, na sheria zikawawekea Wadalit, kama waitwavyo leo watu hao, nafasi maalumu vyuoni, bungeni na katika kazi za serikali. Lakini amri ya mwaka 1950 iliyoorodhesha jati zinazostahili nafasi hizo iliwahusu Wahindu. Masingasinga waliongezwa mwaka 1956, Wabuddha mwaka 1990, na Wadalit Wakristo na Waislamu wameachwa nje mpaka leo, ingawa wamekuwa wakidai mahakamani kwa miaka mingi. Oktoba 2022 serikali iliunda tume chini ya jaji mkuu mstaafu K. G. Balakrishnan kulichunguza suala lao. Wanaowapinga wanasema kwamba Ukristo na Uislamu havitambui matabaka, kwa hiyo aliyeingia huko amekwisha kutoka katika jati yake. Wanaodai wanajibu kwa kuonyesha makaburi yaliyogawanywa, vitongoji vilivyotengwa, na ndoa ambazo bado zinafungwa ndani ya jati ileile waliyokuwa nayo babu zao kabla ya kubatizwa.